Sabusidi ya Nsyanga

Sadoki alirudi Nsyanga na begi moja, kikohozi, na Kiingereza cha malori. Vingine vyote alivyochuma kwa miaka ya kuzurura vilibaki njiani: mke alibaki Kitwe, godoro lilibaki Mkwajuni alikowachimbia watu dhahabu, na meno ya mbele yalibaki Tunduma. Huko Tunduma ndiko alikoishi zaidi kuliko popote, kazi yake kusimama katikati ya dereva Mzambia na mwenye mzigo wa Mbozi, akimgeuzia kila mmoja maneno ya mwenzake. Hata jina lake halikutumika sana pale boda, mpakani na Zambia. Dereva mmoja wa Ndola alimwita Brian siku ya kwanza tu, akisema Kiingereza hakiwezi kutoka kinywani mwa mtu anayeitwa Sadoki, na jina likaganda.

Alichokirudia nyumbani kilikuwa kimoja: kiwanja cha baba yake. Kilikuwa chini kidogo ya kanisa, msingi wa mawe bado unaonekana, mianzi imejiotea hadi pale palipokuwa mlango. Baba alipokufa hapakuwa na mtoto wa kiume wa kuzima moto wa msiba na kurithi, basi serikali ya kijiji ikakichukua kwa uangalizi, na uangalizi wa kijiji, mwenye kujua anajua, ni kama mdomo wa mamba. Sadoki hakutaka shamba wala ng'ombe. Alitaka chumba kimoja cha tofali, bati juu, mlango unaofungwa kwa ndani, afie humo.

Kwa sasa alikuwa analala jikoni kwa dada yake, Tumpale, pamoja na masufuria na kuku wanaoatamia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya ukoo wa mume wa Tumpale, na wale mashemeji walimsemesha kwa upole sana, upole ule anaosemeshwa mgeni aliyesahau kuondoka.

Mwenye kusema ndiyo au hapana alikuwa mkutano mkuu wa kijiji, na mwenye kuuendesha mkutano alikuwa Mbonile, mwenyekiti. Walichunga pamoja utotoni. Mbonile hakuwahi kutoka milimani, hakuwahi kukosa uchaguzi, na tumbo lilikuwa limemtangulia. Kila Sadoki alipomuuliza habari za kiwanja, alimshika bega akamwambia kwamba mambo ya ardhi yanakwenda kwa utaratibu, ndugu yangu, na utaratibu haukimbizwi.

Basi mwaka ule, mwezi wa nane, baridi ya huku ikiwa imepamba moto na watu wanazungumza huku moshi unawatoka midomoni, akaja Dokta Hanneke.

Hakuwa daktari wa sindano. Mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye upele alirudishwa kwa masikitiko. Alikuwa daktari wa sheria, kutoka Ulaya, mrefu, pua nyekundu kwa ubaridi, na mradi wake ulikuwa wa kufundisha vijiji namna ya kuamua mambo yao bila kusubiri wakubwa. Mradi ulikuwa na masharti. Sharti moja lilisema afisa yeyote wa ngazi ya juu asikae mkutanoni, watu wasije wakamwogopa. Kwa hiyo Gwakisa, afisa wa wilaya aliyempandisha mlimani, ambaye Kiingereza alikisomea mpaka chuo kikuu, alibaki ndani ya gari, vioo vimepandishwa, anachezea simu. Sharti la pili lilitokana na la kwanza: mkalimani atoke humo humo kijijini.

Mbonile akamkumbuka mtu wake. Alimfuata mpaka jikoni, akakaa juu ya kinu, akamwambia mambo mengi ambayo kwa ufupi yalikuwa haya: wewe tusemee vizuri kwa huyu mama, na mimi nitakusemea vizuri kwenye mkutano.

Sadoki akaoga, akavaa koti. Dokta alipomuuliza jina, mdomo ukamjibu wenyewe, kwa mazoea ya boda, kwamba anaitwa Brian.

Walikutana kanisani kwa sababu ndiko kwenye mabenchi. Dokta Hanneke alibandika karatasi kubwa ukutani akachora ngazi: kitongoji chini kabisa, juu yake kijiji, kata, wilaya, mkoa, taifa. Kisha akaeleza habari za kwao. Alisema huko nchi nyingi zimejifunga pamoja katika umoja mmoja, na umoja ule una sheria zilizo juu ya sheria za kila nchi. Watu wakaogopa. Wakaona huko juu wataanza kuwaamulia hata namna ya kugandisha maziwa. Basi wakaweka ukuta ndani ya sheria yenyewe: mkubwa asiguse jambo ambalo mdogo analiweza. Jambo liamuliwe chini kabisa, kwa watu linaowagusa, na wa juu akitaka kuingia aeleze kwanza kwa nini wa chini ameshindwa. Sadoki alikuwa anayageuza haya yote bila taabu, maana mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni ya malori siku tatu akisubiri mhuri wa bosi wa bosi haelezwi mara mbili ubaya wa ngazi.

Kisha Dokta akasema lile neno. Alilisema polepole, kama mtu anayeweka yai mezani. Sabsidiariti.

Kanisa likavuma. Sabusidi. Neno lilitoka benchi la mbele likafika mlangoni kabla Sadoki hajafumbua mdomo. Watu wa Nsyanga wana wakwe ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, na kule mbolea ya bei ya chini inayogawiwa kwa kuponi wanaiita hivyo hivyo, sabusidi. Huku kwetu serikali inasema mbolea ya ruzuku, lakini milimani neno la ng'ambo lilifika kwanza, likiwa limebebwa na mashangazi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Wengine wakamjibu. Mzee Ipyana, ambaye huwa analala kwenye kila mkutano, akasimama na kuvua kofia.

Dokta Hanneke macho yakamlowa. Alimwambia Sadoki kwamba amelifundisha neno hili nchi nyingi na hajawahi kuona ukumbi ukilipigia vigelegele.

Sadoki alijua si lenyewe. Neno la Dokta lilikuwa na mkia, ile "ariti" ya mwisho, na mkia ule lazima ulikuwa na kazi, ila kazi gani hakujua. Angeweza kumuuliza. Lakini boda ilimfundisha kitu kimoja kuliko vyote: mnunuzi na muuzaji wakishaanza kucheka pamoja, mkalimani anafunga mdomo. Akawatazama watu wake, akamtazama Mbonile anayemtikisia kichwa kwa furaha, akakiona kiwanja. Akasema:

"Hii ndiyo kanuni ya ruzuku. Mnayoyaweza, fanyeni wenyewe. Mkishindwa, wa juu atawashushia."

Na ukiyapima maneno yale si kwamba yalikuwa uongo mtupu.

Mikono yote ikapanda. Dokta akapiga picha.

Kuanzia siku ile Sadoki alikuwa mtu. Aliitwa kula. Mashemeji walimtolea kiti. Jumapili Mbonile alisimama kanisani baada ya matangazo akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwenda kuileta kwa miguu yake, kwamba msimu huu watu wasihangaike na maduka ya pembejeo kule mjini, sabusidi inashuka. Sadoki alikuwa amekaa nyuma. Baada ya ibada alimvuta Mbonile pembeni akamwambia pengine tusubiri kwanza, pengine yule mama alikuwa na maana nyingine. Mbonile alimtazama kama anayemtazama mlevi. Alimuuliza kama siku ile alikuwa anageuza maneno au alikuwa anaharisha. Sadoki akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikommaliza.

Mvua zikaanza. Watu wakapanda, wakakaa macho barabarani. Mahindi yakatoka ardhini, yakasimama kidogo, yakageuka rangi. Ardhi ya huku juu imechoka, bila mbolea inakutolea majani ya njano na gunzi la ukubwa wa kidole. Walioamua kwenda mjini mwishoni walikuta mbolea imekwisha au wakati umepita. Kufika mwezi wa pili hapakuwa na shamba la kutazama mara mbili, na watu wakaanza kula viazi vya mbegu.

Mtu aliyetangaza alikuwa Mbonile. Lakini Mbonile alikuwa mwenyekiti, baba wa ubatizo wa watoto wao, na kaburi la babu yake liko pale pale. Sadoki alikuwa na begi. Habari zikajipanga zenyewe. Mara ikasemwa kwamba mbolea ilitoka kweli, ila Sadoki aliigeuza njia akaiuza Tunduma kwa Wazambia wenzake. Mara ikasemwa alimtukana yule mama kwa Kiingereza, kwa hiyo mama akakasirika akaipeleka kijiji kingine. Alipopita, vijana walimsalimia kwa Kibemba cha Zambia, "Mulishani mukwai," wakacheka. Waliacha kumwita Mzee Sadoki, wakamwita Bwana Sabusidi. Kuna aliyelimwagia koti lake kinyesi cha ng'ombe pale alipolianika. Tumpale alilifua, lakini jioni alipomwekea ugali alimwekea nje ya mlango, na hakumtazama.

Sadoki akaona bora aende kwa wakubwa. Alipanda pikipiki hadi kwa mtendaji wa kata, akaelezwa kwamba kiwanja ni jambo la kijiji. Akashuka wilayani, akamngoja Gwakisa mpaka akatoka kwenye kikao, akamweleza yote, hata la mkia wa neno. Hakuwahi kumweleza mtu mwingine.

Gwakisa alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa mzaliwa wa wilaya hiyo hiyo ya Ileje, shati limenyooshwa, na hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na usingizi tu, usingizi wa mtu aliyepata kisingizio kizuri cha kutofanya kazi.

"Mzee wangu, mimi zamani ningekuja hapo Nsyanga nikampigia Mbonile meza. Sasa hivi siruhusiwi. Mmefunga mkataba na mradi, kijiji kizima kimenyoosha mikono, na aliyetafsiri ni wewe. Ngazi ya juu haigusi jambo linalowezekana chini. Kiwanja kinawezekana chini."

"Hata wakinionea?"

"Kukuonea wanakuweza, mzee. Tatizo ni pale wangeshindwa."

Akamweleza na jingine, kwa moyo mzuri kabisa, kama mtu anayekupa habari za kazi. Dokta Hanneke anarudi mwezi wa nane. Anataka akae kimya aone kijiji kinaamua shauri lake chenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, aandike kitabuni. Mbonile ameshaleta jina la shauri: kiwanja kilicho chini ya kanisa, na mtu anayekidai. Na mkalimani ni yule yule wa mwaka jana, maana Dokta amemsifu sana Brian kwenye ripoti, hataki mwingine.

Sadoki angeweza kukimbia. Begi lilikuwepo, barabara ilikuwepo, na miguu yake ilizoea kuondoka kuliko kubaki. Lakini alijiambia kwamba kama kuna siku moja katika maisha yake ambayo mtu mkubwa atakuwa amekaa pale pale anaposemwa yeye, ni hiyo. Na huyo mkubwa atakuwa anasikia kwa masikio yake, Sadoki. Hakuna mtu mwingine Nsyanga aliyekuwa na silaha ya namna hiyo. Akabaki.

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka madirishani. Gwakisa alibaki garini na simu yake, kwa mujibu wa masharti. Dokta Hanneke alimkumbatia Sadoki mbele ya watu, akamwuliza hali, akamketisha ubavuni pake, kichwa kwa kichwa, ili amnong'onezee.

Mbonile akafungua. Hakumtazama Sadoki hata mara moja. Alisema kuna kiwanja, na kuna mtu anaitwa Sadoki, aliyekihama kijiji akiwa kijana, akala huko, akanywa huko, akachoka huko, sasa anataka kurudi kuchukua ardhi ya wote. Na mtu huyo huyo, akasema, ndiye aliyetuua kwa njaa.

Sadoki aligeuza. Alinong'ona kwa Kiingereza kwamba kuna mtu mmoja, zamani alihama, na sasa wanasema ameleta madhara. Kila walichosema alikipeleka sikioni kwa Dokta kama kilivyo, na kila alipofika kwenye jina lake alisema "yule mtu." Alishangaa ilivyokuwa rahisi. Ulimi ulikuwa umezoea kubeba mizigo ya watu, haukuuliza safari hii mzigo ni wa nani.

"Huyu Sadoki ni nani?" Dokta akamnong'oneza, maana jina alilisikia.

"Ni mtu wa hapa hapa," akajibu.

Mzee Ipyana akasimama, akasema hana maneno mengi, yeye amemzika mjukuu mwezi wa tatu, na mtoto yule alikufa akiomba uji. Sadoki akageuza. Akasimama fundi mmoja wa baiskeli akasema mwizi wa kuku huchomwa moto, mwizi wa mbolea ya kijiji kizima anafanywa nini, basi na ashukuru kwamba tumesoma. Watu wakacheka. Sadoki akageuza na ule mzaha, akatafuta maneno ya kuufanya uchekeshe kwa Kiingereza, na Dokta akatabasamu.

Kisha Mbonile akamwita Tumpale. Hakuwa ameomba kusema.

Alisimama na mtandio wake, mikono ameifumbata tumboni. Alikuwa amekonda. Alimtazama kaka yake, na baada ya hapo akawa anasema na ukuta.

"Huyu ni kaka yangu, tumbo moja. Nimemlisha mwaka mzima na nusu. Lakini mimi nalima shamba la ukoo wa mume, na nimeshaambiwa. Nikisimama upande wake leo, kesho nitasimama wapi? Andikeni na mkono wangu."

Mashemeji wakatikisa vichwa kwa heshima.

Dokta Hanneke akamgusa mkono, akisubiri. Sadoki akamwambia kwamba huyo mama ni dada yake yule mtu, na yeye pia amekubaliana na wenzake. Dokta akaandika haraka haraka, uso umemng'aa. Alisema hili ni muhimu sana, Brian, hili ndilo huwa hatulioni kwingine: mwanamke anasimama na kutoa maoni yake hata dhidi ya ndugu yake mwenyewe, bila kuogopa.

Ikabaki kupiga kura. Mbonile alikuwa ameshanyanyua mkono kuita mikono, ndipo Dokta akasema ana swali moja. Alisema hataki kuingilia, hana haki ya kuingilia, ila kwa kanuni hii ngazi ya juu haina budi kujua jambo moja tu kabla haijakaa kando. Yule mtu yupo? Amepewa nafasi ya kusema? Kama hajasikilizwa, uamuzi ni batili, na wilaya itabidi iingie.

Hapo mlango ulikuwa wazi. Sadoki aliona mwanga wake kabisa. Akasimama, akawageuzia watu kwa sauti ya juu:

"Anauliza kama mtu huyo yupo, na kama amepewa nafasi ya kusema. Anasema asiposikilizwa, uamuzi hauna nguvu."

Mbonile akakuna kidevu. Alikuwa na akili nyingi yule mtu, hazikuwahi kupata shule tu.

"Mwambie yupo," akasema. "Mwambie tangu asubuhi hapa ndani hakuna aliyesema kumzidi."

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Wanawake walilaliana. Wazee walikohoa, walipiga mapaja, na Tumpale aliinamisha uso kwenye mtandio, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyejua anafanya nini humo ndani.

Sadoki aligeuza. Yupo, na tangu asubuhi hakuna aliyezungumza zaidi yake. Dokta Hanneke naye akacheka, kwa sababu wote walikuwa wanacheka, akasema hata kwao kila kijiji kina mtu wa namna hiyo. Akafungua ukurasa mpya.

"Na alisema nini? Kwa kujitetea?"

Sentensi ilikuwa tayari kinywani, fupi, ya maneno manne tu ya Kiingereza: mtu huyo ni mimi. Aliigeuza geuza ulimini. Akaona itakavyokwenda. Dokta atauliza kwa nini Brian ni Sadoki. Kisha ataulizia mbolea. Kisha atafika kwenye neno lake, atauliza siku ile mliambiwa nini, na mikono yote iliyo kwenye picha ya mwaka jana itakuwa mikono ya watu walioomba mbolea. Atalia au atakasirika, mradi utafungwa, na kijiji kitakuwa kimepata kosa la kweli la kumuulia mahali pa lile la kubuni. Akageuka akamtazama Mbonile.

"Usitutazame sisi," Mbonile akamwambia. "Mjibu."

"Anasema lilikuwa neno moja tu," Sadoki akamwambia Dokta. "Anasema siku ile kila mtu alifurahi."

"Basi?"

"Basi."

Dokta akaandika. Akapiga mstari chini yake.

Mikono ikapanda, yote. Kiwanja kikawa cha kijiji, hapo litajengwa ghala. Sadoki aondoke Nsyanga na asionekane tena, na atakayemlaza atakuwa amejitenga na wenzake. Yote haya aliyageuza mwenyewe, pamoja na kipengele cha kumlaza, na sala ya kufunga pia, iliyomwombea mgeni safari njema na kumshukuru Mungu kwa hekima aliyolijalia kusanyiko lake.

Nje jua la mlimani lilikuwa limetoka, jepesi, lisilotia joto. Dokta Hanneke alimshika Sadoki mikono yote miwili. Alimwambia amefanya kazi na wakalimani wengi, wengine wanaongeza, wengine wanapunguza, wengine wanajiingiza. "Wewe leo," akasema, "sikuhisi hata kidogo kwamba upo."

Sadoki akamshukuru.

Ndipo Mbonile akaja, na nyuma yake watu, nusu ya kijiji, wamewazunguka kama wanaozunguka mzani. Kwa mara ya kwanza siku ile Mbonile alimsemesha uso kwa uso, na sauti ilikuwa ya chini, karibu ya kuomba. Alimwambia kabla hujaondoka tufanyie hili moja. Mwaka jana hukuuliza vizuri. Leo uliza vizuri, mbele yetu, tuone mdomo wake: ile sabusidi inakuja msimu huu au haiji?

Sadoki alimtazama. Akawatazama waliokuwa nyuma yake: Mzee Ipyana na kofia mkononi, fundi baiskeli, mashemeji, mama aliyepiga vigelegele mwaka jana. Wote shingo zimenyooka. Tumpale alikuwa pembeni, mtandio ameushusha mabegani, naye pia anasubiri, naye pia ametoa macho.

Akamgeukia Dokta Hanneke, akamuuliza kwa Kiingereza safi, neno baada ya neno, kama anaweza kupanda gari lao mpaka Tunduma.

Dokta akashika kifua kwa furaha. "Yesi," akasema. "Yesi, yesi." Akatikisa kichwa, akawatabasamia watu wote.

Neno lile halikuhitaji mkalimani. Lakini walimtazama Sadoki, wakangoja awageuzie, maana ndiyo kazi yake.

"Anasema inakuja," Sadoki akawaambia. "Anasema safari hii ni nyingi. Msinunue hata mfuko mmoja, msije mkapata hasara."

Vigelegele vikapanda mpaka kwenye mianzi. Mbonile alimkamata mkono akautikisa, akautikisa tena. Tumpale alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa, anacheka, kama zamani walipokuwa watoto.

Sadoki akaingia kiti cha nyuma, akaliweka begi mapajani, na Gwakisa akapandisha kioo.